Nguo zinazopita Tunduma na usalama wa wanaozishona: wajibu wa mwenye mtaji

Robota la nguo linalofika katika Kituo cha Huduma za Pamoja Mpakani, Tunduma, huulizwa maswali mengi kabla ya kuvuka kwenda Nakonde. Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) hutaka kujua thamani yake, uzito wake na nchi ilikotoka. Shirika la Viwango Tanzania (TBS), ambalo limepiga marufuku nguo za ndani zilizokwishatumika, hulinda afya ya atakayeivaa nguo hiyo. Wakala wa forodha huangalia kama hati zinalingana na mzigo uliomo ndani ya gari. Katika mlolongo wote huo hakuna mahali panapoulizwa nguo hiyo ilishonwa katika jengo la namna gani, wala kama mlango wa jengo hilo ulikuwa wazi siku moto ulipozuka.

Si kosa la maofisa wa mpakani. Sheria za forodha ziliandikwa kwa ajili ya mapato na kwa ajili ya mlaji. Swali la mshonaji lilionekana kuwa la kiwanda alichomo na la nchi aliyomo. Msimamo huo umetikisika duniani kwa zaidi ya muongo mmoja sasa, na Mkoa wa Songwe, ulio mwishoni mwa barabara kuu inayobeba nguo kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia na Kongo, una sababu zake za kuufuatilia mjadala huo kwa karibu.

Tunduma ni mji wa biashara kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Uko zaidi ya kilomita 900 kutoka bandari ya Dar es Salaam, kwenye Barabara Kuu ya Tanzania na Zambia na kwenye reli ya TAZARA. Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016 na kuwa na makao makuu Vwawa, ulihesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni 1.3 katika Sensa ya mwaka 2022, na zaidi ya laki mbili kati yao wanaishi katika Halmashauri ya Mji Tunduma. Tangu Oktoba 2019, kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde kilipozinduliwa na marais wa nchi hizi mbili, msafiri na mzigo wake huhudumiwa na maofisa wa pande zote mahali pamoja. Vitenge, mashuka, sare za shule, suruali za jinzi na mitumba ni bidhaa zinazoonekana kila siku katika maduka na meza za wachuuzi, na wanunuzi hutoka pande zote mbili za mpaka. Mji una nyumba ambazo mlango wa mbele uko Tanzania na ua wa nyuma unakaribia Zambia, na si ajabu fundi cherehani wa upande huu kupokea kitambaa cha mteja wa upande wa pili asubuhi na kukirudisha jioni kikiwa gauni.

Tukio lililobadilisha mjadala wa dunia lilitokea Bangladesh tarehe 24 Aprili 2013. Jengo la Rana Plaza lililoko Savar, nje kidogo ya Dhaka, lenye ghorofa nane, liliporomoka na kuua watu 1,134. Ghorofa za juu zilikuwa zimeongezwa kinyume cha kibali. Ndani yake mlikuwa na viwanda vitano vya nguo vilivyoshonea kampuni za Ulaya na Amerika Kaskazini. Siku moja kabla, nyufa zilionekana ukutani. Benki iliyokuwa na tawi katika jengo hilohilo iliwaambia wafanyakazi wake wasirudi. Washonaji waliitwa kazini asubuhi iliyofuata kwa sababu oda zilikuwa na tarehe za kupelekwa bandarini.

Tofauti hiyo kati ya benki na viwanda ndiyo inayostahili kuangaliwa kwa makini. Jengo lilikuwa moja na hatari ilikuwa moja. Benki iliweza kufunga tawi kwa siku moja bila kupata hasara kubwa. Mwenye kiwanda cha nguo hakuwa na nafasi hiyo: akichelewesha mzigo, mnunuzi hukata bei, hudai ausafirishe kwa ndege kwa gharama yake, au huhamishia oda kwingine. Kima cha chini cha mshahara wa mshonaji wakati huo kilikuwa taka 3,000 kwa mwezi, karibu dola 38 za Marekani, na bei ya kushona nguo moja ilikuwa imebanwa kiasi kwamba nguzo za zege, nyaya za umeme na ngazi za dharura zilikuwa vitu vya kwanza kuondolewa kwenye hesabu. Aliyewaamuru wafanyakazi waingie alikuwa msimamizi wa pale pale. Ratiba ya mzigo na bei yake vilikuwa vimeamuliwa mbali na pale.

Ndiyo maana makubaliano yaliyofuata, yaliyotiwa saini Mei 2013 kati ya vyama vya wafanyakazi na kampuni zenye chapa za nguo, hayakuishia kumtaka mwenye kiwanda afuate sheria. Makubaliano hayo, yajulikanayo kama Accord, yaliibana kampuni inayonunua. Kila kampuni iliyosaini ilikubali wahandisi wasio wake wakague viwanda vinavyoishonea, ripoti za ukaguzi zitangazwe hadharani, mfanyakazi awe na haki ya kukataa kuingia katika jengo analoliona ni hatari, na bei iwe ya kumwezesha mwenye kiwanda kugharimia matengenezo. Kampuni ikikiuka, ingeweza kupelekwa kwa msuluhishi ambaye uamuzi wake unatekelezeka mahakamani. Kampuni zaidi ya 200 zilijiunga na viwanda zaidi ya 1,600 vikaingia katika mpango huo. Mwaka 2018 kampuni moja iliyoshitakiwa chini ya utaratibu huo ilikubali kulipa zaidi ya dola milioni 2.3, fedha nyingi kati ya hizo zikielekezwa kwenye matengenezo ya viwanda. Mpango huo baadaye ukawa wa kimataifa, na mwaka 2023 ukafikishwa Pakistan.

Wawekezaji nao walisogea. Mifuko ya pensheni, taasisi za kidini na kampuni za kusimamia mitaji zenye hisa katika kampuni hizo za nguo ziliandika barua kwa bodi za wakurugenzi zikizitaka zisaini, zichangie fidia ya waathirika na zitangaze orodha ya viwanda vinavyowashonea. Hoja yao haikuwa ya huruma peke yake. Kampuni isiyojua nguo zake zinashonwa wapi ni kampuni yenye hasara iliyojificha, na mwenye hisa ndiye atakayeilipa siku hasara hiyo itakapojitokeza. Mfuko wa fidia wa Rana Plaza uliosimamiwa na Shirika la Kazi Duniani (ILO) ulifikisha dola milioni 30 mwezi Juni 2015, zaidi ya miaka miwili baada ya ajali. Watoto wa marehemu walikuwa wamesubiri muda wote huo.

Upande wa pili wa somo hilo uko Karachi. Septemba 2012 kiwanda cha Ali Enterprises kiliteketea na kuua wafanyakazi zaidi ya 250, wengi wakiwa wamekwama nyuma ya madirisha yenye nondo na milango iliyofungwa. Wiki chache kabla ya hapo kiwanda kilikuwa kimepewa cheti cha kimataifa cha kuzingatia haki za wafanyakazi. Mnunuzi mkuu, kampuni ya KiK ya Ujerumani, ilikubali mwaka 2016 kuchangia fidia ya zaidi ya dola milioni 5, lakini kesi iliyofunguliwa dhidi yake katika mahakama ya Dortmund ilitupwa mwaka 2019 kwa sababu muda wa kushitaki ulikuwa umepita. Cheti kilichoning'inia ukutani hakikufungua mlango hata mmoja, na bila mkataba uliombana mnunuzi, familia zilitegemea hiari yake.

Ulaya imejaribu kuliziba pengo hilo kwa sheria. Ufaransa ilitunga sheria ya wajibu wa uangalizi mwaka 2017, Ujerumani ikafuata kwa sheria iliyoanza kutumika Januari 2023, na Umoja wa Ulaya ukapitisha agizo lake mwaka 2024. Mwaka uliofuata utekelezaji wa agizo hilo ulisogezwa mbele na mjadala wa kulipunguzia makali ukapamba moto. Sheria zote hizo zinaigusa kampuni kubwa inayouza Paris au Berlin. Kitambaa kinachotoka kiwandani Asia, kikapakuliwa Dar es Salaam, kikauzwa kwa jumla Kariakoo na kukatwa gauni Tunduma hakimo ndani yake. Sehemu hiyo ya mnyororo ni ya Waafrika wenyewe kuitungia utaratibu.

Na haja ya kufanya hivyo haitoki ng'ambo. Tarehe 29 Machi 2013, chini ya mwezi mmoja kabla ya Rana Plaza, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya Jiji la Dar es Salaam, karibu na Mtaa wa Indira Gandhi, liliporomoka na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la biashara la ghorofa nne liliporomoka Kariakoo, watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha, na Serikali ikaagiza majengo ya eneo hilo yakaguliwe. Waliofukiwa walikuwa mahali pao pa kazi: wenye maduka, wasaidizi wa dukani, wabebaji wa mizigo, pamoja na wateja waliokuwa wamefuata bidhaa. Kwa mfanyabiashara wa nguo wa Tunduma, Kariakoo si habari ya mbali. Ndiko anakofunga mzigo, na mara nyingi ndiko anakolala usiku mmoja au miwili akisubiri gari.

Moto nao una historia yake katika biashara hii. Soko la Karume jijini Dar es Salaam, maarufu kwa mitumba, liliteketea tarehe 16 Januari 2022. Karibu zaidi na Songwe, soko la SIDO la Mwanjelwa jijini Mbeya liliungua mwaka 2011 na likaungua tena mwaka 2017. Nguo ni kuni. Duka lililojazwa majora hadi darini, waya mmoja wa umeme ulioungwa mara tatu ili kuwasha vyerehani, taa na pasi, na mlango mmoja wa chuma unaofunguka kwa ndani huku umezibwa na meza ya kukatia kitambaa, ni mambo ambayo mkaguzi yeyote wa zimamoto huyatambua kabla hajaingia.

Tanzania haianzii sifuri. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka kila mwenye sehemu ya kazi aisajili kwa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA), aruhusu ukaguzi, awapime afya wafanyakazi na awapatie vifaa vya kujikinga. Serikali iliondoa ada ya usajili huo katika maboresho ya mazingira ya biashara, ili gharama isiwe kisingizio. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ulioanza mwaka 2015, humlipa anayeumia au kuugua kwa sababu ya kazi, pamoja na wategemezi wa anayefariki. Mchango wa mwajiri wa sekta binafsi, uliokuwa asilimia 1 ya mishahara, ulishushwa hadi asilimia 0.6 mwaka 2021 na asilimia 0.5 mwaka 2022. Mwezi Juni 2022 ILO iliingiza mazingira salama ya kazi katika orodha ya haki za msingi kazini, sambamba na uhuru wa kujiunga na vyama na marufuku ya kazi za kulazimishwa.

Sheria hizi zimejengwa juu ya mtu mmoja, mwajiri. Yeye ndiye anayesajili, anayechangia na anayeshitakiwa. Katika mgodi wa dhahabu wa Wilaya ya Songwe, au katika kiwanda kikubwa cha nguo Morogoro, mtu huyo anaonekana: ana ofisi, ana orodha ya mishahara, ana mhasibu. Katika ushonaji wa Tunduma ni vigumu kumpata. Wanawake wanne wamepanga fremu moja, kila mmoja ana cherehani chake, na kila mmoja hulipwa na mteja wake kwa kila nguo. Msimu wa kufungua shule ukifika, mfanyabiashara wa sare huwaletea jora la kitambaa na kuwapa siku kumi wamalize sketi na kaptula mia kadhaa. Mwenye nyumba huchukua kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo. Fundi wa mtaani ndiye aliyevuta umeme. Moto ukiwaka saa nne usiku, wakati wanakimbizana na tarehe ya yule mwenye sare, hakuna hata mmoja kati ya hawa ambaye kwa lugha ya kawaida angeitwa mwajiri wao.

Ukiwatazama watu hao kwa jicho la Rana Plaza, picha hubadilika. Anayeamua idadi na tarehe ni mwenye oda. Anayeweza kupanua mlango, kubadili nyaya na kutoa nondo katika dirisha la nyuma ni mwenye jengo, kwa kuwa mpangaji akigusa ukuta amevunja mkataba. Mshonaji, ambaye ndiye pekee aliyemo ndani, ana uwezo mdogo kuliko wote. Kumwelimisha kuhusu matumizi ya mtungi wa kuzimia moto ni jambo jema, ila elimu hiyo haiwezi kumfungulia mlango ambao haupo.

Swali linalofuata ni nani mwekezaji katika mnyororo huu mfupi. Neno hilo limezoeleka kumhusu mgeni anayefika na mtaji wa dola, lakini Songwe ina wawekezaji walio karibu zaidi. Halmashauri zote nchini zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 ili utaratibu wake urekebishwe, ikarejea mwaka uliofuata. Ushonaji ni miongoni mwa shughuli zinazoombewa sana mikopo ya aina hiyo, kwa sababu cherehani hununulika, hujulikana bei na huanza kuingiza fedha wiki hiyohiyo. Halmashauri ya Mji Tunduma inapokipatia kikundi vyerehani kumi, inafanya jambo lilelile ambalo mfuko wa pensheni wa Ulaya unafanya unaponunua hisa katika kampuni ya nguo. Inaweka mtaji, na kwa kuuweka inapata haki ya kuuliza.

Mkopeshaji tayari anauliza mengi. Anataka kikundi kiwe kimesajiliwa, kiwe na akaunti ya benki, kiwe na uongozi na mpango wa biashara, na hufanya ufuatiliaji ili fedha zirejeshwe. Kuongeza maswali machache kuhusu mahali vyerehani vitakapowekwa, kama pana njia mbili za kutokea, kama umeme umewekwa na fundi anayetambulika, na kama sehemu hiyo imesajiliwa OSHA, hakuhitaji sheria mpya ya Bunge. Kuna sababu ya kibiashara pia. Kikundi kilichounguliwa na vyerehani hakirejeshi mkopo, na hasara hiyo hurudi kwa wananchi waliolipa ushuru sokoni.

Hali ni hiyohiyo kwa mifuko ya hifadhi ya jamii. Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma (PSSSF), kwa ushirikiano na Jeshi la Magereza, umewekeza katika kiwanda cha bidhaa za ngozi cha Karanga, Moshi. Mwalimu wa Vwawa na muuguzi wa Mlowo, kupitia makato ya mishahara yao, ni sehemu ya wenye mtaji wa viatu vinavyotengenezwa Kilimanjaro. Hii ni hoja isiyozungumzwa mara nyingi: mchango wa mfanyakazi mmoja unaweza kugeuka kuwa mtaji unaoamua usalama wa mfanyakazi mwingine. Bodi za mifuko hiyo hupimwa, kwa haki kabisa, kwa faida na kwa uwezo wa kulipa mafao. Taarifa za mwaka zinazoonesha pia ajali katika viwanda walivyowekeza, siku za kazi zilizopotea na hatua zilizochukuliwa zingempa mwanachama picha kamili ya mali yake.

Kwa wawekezaji wakubwa mlango wa kuingilia uko wazi zaidi. Mamlaka ya Uwekezaji na Maeneo Maalumu ya Kiuchumi Tanzania (TISEZA), iliyoundwa mwaka 2025 kwa kuunganisha Kituo cha Uwekezaji na Mamlaka ya Maeneo Huru ya Uzalishaji, ndiyo inayosimamia vivutio kwa viwanda vya kuuza nje, vikiwamo vya nguo vilivyoko Morogoro na katika Eneo Maalumu la Benjamin William Mkapa, Mabibo. Msamaha wa kodi ni fedha za umma. Anayeupokea anaweza kutakiwa, kwa kauli moja ya mkataba, kutangaza majina ya kampuni anazozishonea na matokeo ya ukaguzi wa jengo lake. Kampuni za nguo zenyewe zimeanza kuizoea hali hiyo, na nchi yenye kumbukumbu zilizo wazi ina nafasi nzuri zaidi ya kupata oda kuliko nchi inayotegemea mshahara mdogo pekee.

Pingamizi lipo, na si dogo. Biashara ya nguo Tunduma hufanywa kwa faida nyembamba. Mteja anayeona kitenge kimepanda bei hutembea hatua mia mbili akanunua upande wa pili wa mpaka. Masharti yakimwangukia mshonaji peke yake, atahama fremu na kwenda kushonea chumbani, ambako mkaguzi hafiki kabisa na ambako watoto wamelala. Mgomo wa wafanyabiashara wa Kariakoo wa Mei 2023 ulitoa fundisho katika hili: miongoni mwa malalamiko makubwa ulikuwa usajili wa stoo, ambao wafanyabiashara waliuona kuwa njia nyingine ya kutozwa kodi. Ukaguzi wowote wa usalama utakaofika dukani ukiwa umefuatana na makadirio ya kodi utapokewa vilevile. Ghala la nguo limezoea kutazamwa na dola kama mahali penye bidhaa inayodaiwa. Kulitazama kama mahali ambapo mtu anafanya kazi kunahitaji mkaguzi tofauti, siku tofauti na fomu tofauti.

Kwa hiyo gharama inapaswa kufuata fedha zilipo. Mwenye jengo anayepokea kodi ya fremu ishirini ana uwezo wa kujenga ngazi ya pili, na halmashauri inayotoa leseni za biashara kwa wapangaji wake inaweza kumwomba cheti cha ukaguzi kutoka Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kabla ya kutoa leseni hizo, kwa mwaka mmoja wa kumpa nafasi ya kujiandaa. Mfanyabiashara wa sare mwenye zabuni ya shule au taasisi anaweza kutakiwa kutaja nguo zitashonwa wapi. Taasisi za umma ni wanunuzi wakubwa wa sare nchini, na Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 inaacha fungu maalumu kwa vikundi vya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Mnunuzi huyo akiweka bei inayotosha na muda unaotosha, saa nne usiku haitakuwa saa ya kazi. Akinunua kwa bei ya chini kuliko zote bila kuangalia kitu kingine, atakuwa amefanya kile ambacho wanunuzi wa Rana Plaza walikifanya, ijapokuwa kwa kiwango kidogo zaidi.

Wakulima wa kahawa wa Mbozi hawashangazwi na mazungumzo ya namna hii. Wamezoea mnunuzi wa mbali anayetaka kujua dawa gani ilipuliziwa shambani na nani alichuma. Baadhi yao wameyalalamikia masharti hayo, hasa pale bei isipopanda sawasawa na masharti. Malalamiko hayo ni onyo la kuzingatiwa katika nguo pia. Sharti lisiloandamana na bei humwacha mnyonge na makaratasi mengi na mfuko uleule.

Mpakani penyewe kuna nafasi nyingine. Eneo Huru la Biashara Afrika, ambalo biashara chini yake ilianza rasmi Januari 2021, linampa unafuu wa ushuru mwenye bidhaa iliyotengenezwa barani, na nguo zilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizochukua muda mrefu kukubaliana kanuni zake za uasili. Kanuni hizo zinauliza uzi umetoka wapi, kitambaa kimefumwa wapi na nguo imeshonwa wapi. Mfanyabiashara wa Tunduma anayetaka cheti cha uasili lazima ataje kiwanda. Maana yake ni kwamba taarifa ya mahali nguo iliposhonwa, ambayo kwa miaka mingi ilionekana haiwezekani kupatikana, sasa inakusanywa kwa sababu ya ushuru. Nchi za EAC na SADC zikikubaliana, jina hilo la kiwanda linaweza kulinganishwa na rejista ya usalama kazini ya nchi husika. Mitumba itabaki nje ya utaratibu huo, kwa kuwa shati lililokwishavaliwa na mtu wa Toronto limepoteza kumbukumbu ya aliyelishona. Kwa mitumba, usalama unaohitaji kuangaliwa ni wa vijana wanaoshusha na kufungua marobota hayo, na wa maghala wanamofanyia kazi.

Kwa sasa, hatua iliyo karibu zaidi na mwananchi ni ndogo. Mwenye karakana ya ushonaji, kikundi au mtu binafsi, anaweza kuisajili sehemu yake ya kazi kwa OSHA bila ada, kwa njia ya mtandao au kupitia ofisi ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini. Mwenye wafanyakazi, hata awe na wawili, anapaswa kujiandikisha WCF. Kikundi kinachojiandaa kuomba mkopo wa halmashauri kinaweza, kabla ya kuchagua fremu, kumwomba Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata afike kuiona wakati ambapo mkataba wa pango bado haujasainiwa na mwenye nyumba bado anamhitaji mpangaji. Hapo ndipo mlango wa pili unaweza kudaiwa.